Kamba ya Mbinguni na Jerikeni la Jirani

Kamba ya lifti ikianza kuzeeka hutoa unga mwekundu. Ni vumbi laini kama pilipili ya kusaga, linalotoka katikati ya misokoto pale waya zinaposuguana ndani kwa ndani. Ukipitisha kidole kikarudi na rangi hiyo, ujue siku za kamba zimehesabika, hata kama kwa nje bado inang'aa. Nimefanya kazi hii Kampala kwa miaka 26, na mpaka leo napitisha kidole kwanza, kalipa ya kupimia unene baadaye.

Desemba iliyopita nilikuwa nabadilisha kamba kwenye jengo moja la ghorofa 12 pale Nakasero. Binti wa dada yangu, Rehema, alikuwa likizoni, nami nikamchukua anishikie taa na kuandika vipimo. Yuko mwaka wa tatu wa uhandisi. Tukiwa juu kwenye chumba cha mashine, joto kama tanuri la mkate, akashika kipande cha kamba nilichokwisha kukikata, akakipimapima mkononi.

"Mjomba, hii kamba ikiwa ndefu sana, bila kubeba chochote, si itafika mahali ijikate yenyewe?"

"Itajikata."

"Kwa urefu gani?"

Nikanyamaza. Miaka 26, kamba zimepita mikononi mwangu kwa maelfu ya mita, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Majengo yetu hayanilazimishi. Najua kwamba kwenye minara mirefu sana duniani lifti za kamba ya chuma huishia kwenye mita 500 hivi kwa safari moja, kwa sababu kamba inakuwa na kazi ya kujibeba yenyewe kuliko kubeba watu. Najua pia kwamba mwaka 2013 kampuni ya KONE ya Finland ilileta kamba ya nyuzi za kaboni iliyoahidi kufika mita 1,000. Lakini jibu la swali lenyewe sikuwa nalo.

Tukalitafuta palepale, kwa kalamu, nyuma ya risiti. Kamba ya milimita 10 ina uzito wa gramu 340 hivi kwa kila mita. Cheti cha kiwanda kilisema hukatika kwenye tani 4.5. Gawanya: kilomita 13 na kidogo. Yaani kamba ninayoiamini na roho za watu, ukiining'iniza kutoka juu, haizidi urefu wa kutoka Nakasero hadi Namugongo kabla haijajikata kwa uzito wake.

"Basi ndiyo maana walinicheka," akasema Rehema.

Nani? Akaanza kunieleza. Muhula uliopita walitakiwa kupendekeza mada za mradi wa mwisho. Yeye akaandika kwamba anataka kuchunguza kamba za lifti ya kwenda anga za juu. Mwalimu akaisoma kwa sauti mbele ya darasa, akauliza kama amepata kibali cha kujenga mnara wa Babeli. Darasa zima likaangua kicheko. Chuo sikitaji, na huyo mwalimu kwa yote mengine ni mtu mzuri. Halafu niseme ukweli: hata mimi nilicheka. Lifti ya kwenda angani! Nikamuuliza chumba cha mashine ataweka wapi.

"Huko huko juu," akasema, na hakucheka.

Wenzangu wa fani hii, subirini kidogo, kwa sababu jambo lenyewe mtalielewa kuliko profesa. Lifti yetu ina kibanda upande mmoja na mzigo wa kusawazisha upande wa pili. Mzigo ule tunaupima uwe sawa na kibanda pamoja na karibu nusu ya watu kinaowabeba, ili mota isihangaike. Sasa chukua wazo hilo la mizani ulitoe nje ya jengo. Kuna umbali mmoja juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, ambapo setilaiti huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha. Ukiwa chini unaiona imesimama tuli. Kutoka pale unashusha kamba kuelekea ardhini, na wakati huohuo unatoa nyingine kuelekea nje, huku mwishoni ukifunga mzigo mzito. Sehemu ya chini inavutwa na dunia. Sehemu ya juu inataka kurushwa nje, kama ndoo unayoizungusha kwa kamba bila maji kumwagika. Zikilingana, kamba inasimama wima, imekazwa, haijaegemea chochote.

Kama hamuamini kwamba mahali hapo pa kusimama tuli papo, tazameni madishi ya televisheni kwenye paa za Kampala. Nenda Ulaya, madishi yamesimama yanatazama upande wa kusini. Ya kwetu yamelala karibu chali, kama sahani zinazongoja kupakuliwa, na mvua ikinyesha baadhi yanajaa maji. Hiyo ni kwa sababu tuko karibu kabisa na ikweta na setilaiti zile ziko karibu utosini mwetu. Nimewahi kupanda kuondoa maji kwenye madishi hayo mara nyingi tu bila kujiuliza kwa nini yalale hivyo.

Wazo ni la zamani kuliko lifti yoyote ya Uganda. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule, mwaka 1895 alivutiwa na mnara wa Eiffel wa Paris akafikiria mnara unaofika mpaka kule. Mnara haujengeki, kwa sababu hakuna jiwe wala chuma kitakachobeba uzito huo kutoka chini. Mwaka 1960 mhandisi wa Leningrad, Yuri Artsutanov, akaligeuza wazo juu chini kwenye gazeti la Komsomolskaya Pravda: usijenge kutoka chini, ning'iniza kutoka juu. Mwaka 1975 Mmarekani Jerome Pearson akafanya hesabu zake kivyake, akaonyesha kamba hiyo inapaswa kuwa nene kabisa kule katikati inakobeba kila kitu na nyembamba ikifika chini. Waganda nao wana Kintu na Nambi, walioshuka kutoka kwa Ggulu huko mbinguni. Hadithi nilizosimuliwa hazisemi walishukia nini. Fundi lifti ndiye wa kuuliza swali kama hilo.

Sasa kamba. Nilirudi nyumbani nikawa silali vizuri, kwa sababu ya hiyo kilomita 13. Nikamwambia Rehema: tusisome tu, tukate kitu.

Tuna mparachichi nyuma ya nyumba. Nilinunua roli ya nailoni ya kuvulia, ya unene wa nusu milimita, ile wanayotumia wavuvi wa ziwani. Tukaipeleka kwa mama mmoja anayenunua vanila ambaye ana mzani wa gramu. Mita 100 zikatoa gramu 22. Huyo mama alitutazama kama watu waliotoka kuvuta kitu, lakini alipima mara mbili na hakudai hata shilingi.

Tukafunga uzi kwenye tawi, tukaning'iniza jerikeni la lita 20 likiwa tupu, Rehema akaanza kumimina maji kwa kikombe cha nusu lita, akihesabu. Watoto wa mtaa wakajaa. Mara ya kwanza uzi ulikatika kwenye lita 5, na ulikatikia penye fundo. Nikalifunga upya kwa fundo la wavuvi, nikalilowesha kwa mate kama wanavyofanya wao lisijichome likikazwa. Lita 8. Mara ya tatu, lita 8 tena, na tena penye fundo. Kamba hukatikia pabovu, wahenga walimaliza, na fundo ndipo pabovu pa uzi.

Jerikeni tupu lina kilo moja hivi, kwa hiyo uzi wa gramu 22 kwa mita 100 umebeba kilo 9. Hesabu inakwenda hivi: kilo 9 ni sawa na uzito wa vipande 409 vya mita mia mia. Hiyo ni kilomita 41. Kampala mpaka Entebbe! Uzi wa sangara umeipiga kamba ya lifti mara tatu. Nilirudia hesabu, nikampa mtoto wa jirani wa darasa la saba naye arudie. Ni kweli. Chuma kina nguvu, lakini kizito. Kinachotakiwa hapa ni nguvu ikigawanywa kwa uzito.

Na inatakiwa kiasi gani? Kamba ya kufika kule si lazima ihimili uzito wa kilomita 36,000 kama zingekuwa zote hapa chini, kwa sababu uvutano unapungua kadiri unavyopanda, na mzunguko wa dunia unasaidia kuvuta nje. Ukijumlisha yote, ni kama kamba ya kilomita 4,900 hivi iliyoning'inia kwenye uvutano wa hapa tulipo. Uzi wetu una 41. Kevlar, nyuzi za fulana za kuzuia risasi, inafika 250 hivi. Lori linaloenda Mombasa na kurudi, kisha likaenda tena na kurudi, ndilo linalokaribia hiyo 4,900.

Vitu vinavyoigusa ni vichache mno, na kinachojulikana zaidi ni hiki. Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani alieleza vimirija vya kaboni vyembamba mno, vinavyoitwa nanotyubu, na tangu hapo lifti ya angani ikatoka kwenye hadithi ikaingia kwenye maabara. Kimirija kimoja kilichokamilika, kwa nguvu yake na wepesi wake, kinafikia kiwango kile na hata kupita. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walikusanya vichache pamoja wakapima nguvu ya zaidi ya gigapaskali 80, wakati kamba yangu ya lifti haifiki 2. Tatizo ni urefu. Kifungu kile kilikuwa cha sentimita. Kimirija kirefu kilichowahi kukuzwa, cha watu haohao mwaka 2013, kilifika nusu mita na kidogo. Halafu kuna pabovu: atomu chache zikikosekana mahali pake, nguvu inaporomoka. Fundo lililonikatia uzi kwenye mparachichi lipo na huko, dogo kuliko jicho liwezavyo kuona. Ukiunganisha vimirija vifupi kuwa uzi mrefu, vinateleza kimoja juu ya kingine, na uzi unaopata ni dhaifu mara nyingi kuliko kimirija kimoja.

Hapa nataka kusema jambo ambalo wasomi hawalisemi kwa sauti. Sisi kwenye lifti za majengo tunadai kamba iwe na nguvu mara 12 ya mzigo wake. Ndiyo maana unapanda ukiwa unatazama simu. Wale wanaosanifu ya angani, akiwemo Bradley Edwards aliyelifanyia NASA, shirika la anga la Marekani, utafiti miaka ya 2000, wanazungumzia mara 2. Ningeletewa jengo lenye lifti ya namna hiyo nisingesaini cheti. Nawaelewa, kila nyongeza ya usalama inaongeza uzito na uzito unadai nguvu zaidi, lakini roho ya fundi inakataa.

Kingine kinachotofautiana na kazi yetu: kule kamba haivuti kibanda. Imesimama, na kibanda kinaipanda kwa magurudumu yanayoibana, kama mkwezi wa minazi. Umeme wake kinarushiwa kwa leza kutoka chini. Hili limejaribiwa. NASA iliweka zawadi, na mwaka 2009 kule California timu ya LaserMotive ilipandisha mashine yao kwenye kamba ya kilomita moja iliyoning'inizwa kutoka kwa helikopta, ikapata dola 900,000. Kulikuwa na zawadi nyingine, ya kamba yenye nguvu zaidi. Walishindana mwaka baada ya mwaka, na zawadi ile haikuchukuliwa na mtu. Pesa ilikaa mezani ikingoja kamba.

Wajapani hawajakata tamaa. Kampuni ya ujenzi ya Obayashi ilitangaza mwaka 2012 kwamba inalenga kuwa na lifti hiyo ifikapo 2050: kamba ya kilomita 96,000, kibanda cha watu 30, mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Piga hesabu, ni siku saba na nusu kufika kituo cha pale kilomita 36,000. Nimewahi kukaa siku mbili ndani ya basi lililoharibikiwa njiani, nikafikiri: siku saba si mbaya kama choo kipo. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Shizuoka kilipeleka vijisanduku viwili vya sentimita 10 vilivyounganishwa kwa kamba ya mita kumi na kitu, na kijigari kidogo cha kutembea juu yake. Kumbuka ukubwa huo wa sentimita 10, nitaurudia.

Januari, Rehema alisema twende Kayabwe. Wasiopajua: ni kwenye barabara ya Masaka, kilomita 70 na kidogo kutoka Kampala, mahali ikweta inapoikata barabara. Kuna duara mbili nyeupe za saruji, moja kila upande, na watalii wanasimama ndani yake kupigwa picha. Kuna vijana wenye mabeseni. Wanakuonyesha maji yakizunguka kushoto hatua chache upande mmoja, kulia upande wa pili, na palepale kwenye mstari yakishuka moja kwa moja. Nilimwangalia kijana mkono wake. Anayamimina maji kwa ujanja, yanaanza kuzunguka kabla hujaona. Dunia haina nguvu ya kugeuza beseni kwa hatua kumi. Sikumwaibisha, ana watoto wa kulisha, na mzungu alikuwa ameshatoa noti.

Kilichonikera ni kwamba mstari ule una maajabu ya kweli, na sisi tunauza ya uongo. Ukisimama pale unakimbizwa mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa, kasi kubwa kuliko popote pengine juu ya uso wa dunia, na ndiyo maana roketi hupenda kurushwa karibu na ikweta. Waitaliano walilijua hilo. Waliweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka pale setilaiti ya Marekani ya kutazama miale ya eksirei angani. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Rehema alikuwa hajawahi kusikia. Wangapi kati yetu wamesikia?

Na hili la pili ndilo lililonishangaza mimi. Desemba 1976, mjini Bogotá, Kolombia, nchi za ikweta zilikutana zikatia saini tamko kwamba ile njia ya setilaiti zilizosimama tuli, kwa sehemu iliyo juu ya ardhi zao, ni mali ya asili ya nchi hizo. Uganda ilikuwemo. Kenya, Kongo, Zaire, Ekuado na Indonesia pia. Enzi za Amin hizo, wakati sukari inatafutwa kwa foleni, serikali ikadai kipande cha anga kilomita 36,000 juu! Mataifa makubwa yalikataa, yakionyesha Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unaosema hakuna nchi inayoweza kujimilikisha huko. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mahali walipopadai ndipo hasa lifti ingefungwa. Walikosea sheria, lakini ramani waliisoma sawasawa.

Niliporudi nikaanza kuwaza lifti ikianzia Kayabwe, na barabara ya Masaka ikiwa na foleni ya makontena. Rehema alinikata. Mapendekezo mengi yanaweka mguu wa kamba kwenye jukwaa linaloelea, Bahari ya Pasifiki, upande wa mashariki karibu na ikweta. Jukwaa linaweza kusogea kuikwepesha kamba na takataka za angani, vimbunga havifiki, na radi ni chache mno.

Radi. Hapo sikuwa na ubishi. Nimezaliwa Tororo, kwenye nyumba za reli, na mtu wa Tororo haulizi radi ni nini. Alasiri anga ikifanya giza mama alikuwa akifunika kioo kwa kanga, anazima redio, anatukusanya kwenye chumba cha kati mbali na dirisha. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi sana duniani. Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 kwenye shule ya msingi wilayani Kiryandongo, ndani ya darasa. Kamba inayopita katikati ya mawingu yetu isingemaliza msimu mmoja wa mvua. Kwa hiyo tuna mstari, lakini hatuna hali ya hewa, na hilo halibadiliki kwa hotuba.

Basi inatuhusu nini? Hilo ndilo niliulizwa kwa muuza rolex, chapati ya kukunjia mayai, nilipoanza kulisimulia. Jamaa mmoja wa boda boda, mdomo umejaa chapati, akaniambia: "Mzee, lifti ya hospitali tu imekufa mwezi wa pili, wewe unatupeleka mbinguni." Amesema kweli, na lifti hiyo naijua.

Marehemu baba alikuwa mtu wa reli. Kiswahili changu ni cha reli, cha watu waliotoka Mombasa, Nairobi, Kisumu na kukutana kwenye karakana. Alikuwa akinisimulia jinsi wabunge wa London walivyoibeza reli ya Uganda kuwa ni wazimu kabla haijafika ziwani mwaka 1901. Wazimu ule ukafika Kampala mwaka 1931, ukamlisha yeye na sisi. Lakini pia hakusahau kusema kwamba karibu vibarua 2,500 kutoka India walikufa wakiijenga, na kwamba haikujengwa kwa ajili yetu, sisi tulidandia. Kwa hiyo mtu akinipa mfano wa reli kutetea lifti ya angani, namuuliza: safari hii tutakuwa nani, abiria, vibarua, au watu wanaosimama kando kuuza ndizi?

Sisi watu wa nchi isiyo na bahari tunajua bei ya umbali. Roketi ya Falcon 9 inasimama kwenye pedi ikiwa na tani 549, na kwa uwezo wake wote inafikisha tani 22.8 kwenye mzunguko wa chini. Nyingi ya zilizobaki ni mafuta. Ni kama lori la Mombasa likiwa limejaza dizeli mpaka kwenye kiti cha turniboi, na sukari ni kilo chache chini ya miguu ya dereva. Ni kweli roketi zinazotua na kutumika tena zimeshusha bei, na huenda zikashuka mpaka hakuna atakayeihitaji lifti. Rehema hapendi nikisema hivyo.

Ninachoona mimi kiko karibu zaidi. Mwaka 1854, kwenye maonyesho New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo likanasa kwenye breki zake. Miaka mitatu baadaye lifti ya abiria ikaanza kazi kwenye duka mjini humo. Lifti zilikuwepo kabla ya hapo. Watu hawakuzitaka mpaka walipoona kamba ikikatwa kwa macho yao. Novemba 2022 Uganda ilipeleka setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, kijisanduku cha sentimita 10, kilichotengenezwa na vijana wetu watatu kule Japani, Kyushu. Ukubwa uleule wa vile vya Shizuoka. Watu wa mtaani kwetu walisikia redioni, wakasema sawa, wakaendelea na shughuli. Hakuna aliyewaonyesha chochote cha kushika mkononi. Lakini watoto waliohesabu vikombe chini ya mparachichi bado wananiuliza tutakata nini tena.

Tulikata tena Jumapili iliyopita. Rehema alipata Jinja, kwa watu wanaopeleka watalii kuvua, mabaki ya uzi wa kusuka wa polithini, mwembamba kuliko nailoni yetu. Kwa mama wa vanila mita 100 zikatoa gramu 7. Safari hii hakutushangaa, alitaka kujua ule wa kwanza ulikatikia kilo ngapi. Jerikeni langu limetoboka, nikaazima la Mama Zaituni wa nyumba ya pili, la manjano, ambalo amekuwa nalo tangu binti yake yuko chekechea. Fundo alifunga Rehema, kwa kuzungushia uzi mara nyingi kwenye tawi ili usibanwe mahali pamoja.

Lita 8, kimya. Lita 12. Lita 15, tawi likalia kidogo. Watoto wakawa wanahesabu kwa sauti kama wako kwenye mpira. Lita 20, jerikeni limejaa mpaka mdomoni, kilo 21 zimening'inia kwenye kitu ambacho ukisimama mita tatu hukioni. Rehema akafunga macho akapiga hesabu kichwani: "Kilomita 300, Mjomba. Imepita Mbarara." Nikasogea nikaugusa. Ulikuwa umekazwa ukilia kama waya wa zeze.

Kisha ukasikika mlio, jerikeni likaanguka likapasuka, maji yakatulowesha wote magotini. Tukakimbilia kutazama uzi umekatikia wapi. Haukukatika. Ulikuwa unabembea pale juu, mzima, na kwenye ncha yake mkono wa jerikeni la Mama Zaituni, umekatwa safi kama kwa kisu.

Mama Zaituni alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. Nilijiandaa kwa lolote. Akatembea taratibu, akaokota kile kipande cha plastiki, akauvuta uzi kwa kidole kimoja, akavuta tena kwa nguvu.

"Baba Salim," akasema, "huu wanauza wapi? Wangu wa kuanikia nguo umekatika mara mbili mwezi huu."

Nimemwambia nitamletea, pamoja na jerikeni jipya.